Gari ya Mathe Ilikuwa Inataka Upepo, Si Maji

Wasee, kabla mtu hajakimbia kuniambia niongeze maji kwa rejeta: niliongeza. Mwaka jana niliongeza mpaka nikajua kila bomba la maji kati ya Naivasha na Kimende.

Gari yenyewe ni Corolla wagoni ya 1997, zile tunaita DX. Mathe huibebea kabichi na nyanya kutoka Naivasha hadi sokoni Nairobi, na ndiyo imenisomesha. Sasa, matatu fulani ilirudi nyuma ikatugonga usoni. Fundi wa bodi akanyoosha boneti, akafunga bampa ya mitumba, akapiga rangi, gari ikang'aa. Wiki iliyofuata ikachemka ikipanda Mai Mahiu. Fundi wa injini akang'oa temostati, ati nchi yetu ina joto, haihitaji hicho kitu. Mwingine akabadilisha hedi gasketi, 22,000 zikaenda. Ikachemka tena, pale pale kwa mlima. Mathe akaanza kuulizia bei ya kuiuza, na mimi nikaanza kusoma.

Kumbe hii stori ni ya kale. Agosti 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari ya mumewe Karl bila kumwambia, akabeba vijana wake wawili, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim, karibu kilomita 100. Injini ile ilipoozwa na maji yaliyochemka na kupaa kama mvuke, kwa hivyo njiani ilibidi watafute maji kila mara. Yaani safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa mama, watoto wake, na kutafuta maji. Nilimsomea mathe hii akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile gasketi.

Mabadiliko makubwa yalikuja 1901. Wilhelm Maybach aliunda rejeta yenye matundu madogo mengi kama sega la asali, ikawekwa kwa Mercedes ya nguvu farasi 35. Maji kidogo, hewa nyingi. Tangu hapo swali la muhimu si maji yako ni mangapi tu, ni upepo unapita wapi. Na mwenye kuuelekeza upepo ni bodi.

Sisi Kenya hilo hatukulazimika kulijua mapema, na nadhani wa kulaumiwa ni Peugeot 504. Wazee wetu waliipenda kupita kiasi, na walikuwa na haki: ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, ikarudi 1978 ikiwa kupe ya V6 na Jean-Pierre Nicolas. Zile wagoni zake zilibeba watu kati ya miji kabla hata ya Nissan za matatu. Lakini iangalie usoni. Grili kubwa wazi, chuma mbele, rejeta nyuma yake ikikula upepo moja kwa moja. Ukiigonga, fundi ananyoosha chuma kwa nyundo, maisha yanaendelea. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza hapo kwamba bodi ni urembo, injini ndiyo gari.

Kisha miaka ya 90 soko likafunguliwa, gari za mitumba kutoka Japani zikamiminika. Hizi ni wanyama wengine. Injini imelazwa kando, feni ni ya umeme, pua imeshuka chini, na mbele kumejaa vipande vya plastiki ambavyo mtu akiviona anadhani ni vya kuzuia matope. Vingine ni vya matope kweli. Lakini vile vya pembeni mwa rejeta na ile ya chini ya bampa vinalazimisha upepo upite ndani ya rejeta badala ya kuizunguka. Wamarekani walilijua hili vizuri na Pontiac Firebird ya 1982, inayovuta hewa kutoka chini ya bampa: ukivunja ule mdomo wa plastiki wa chini, gari inachemka haiwei, hata kama kila kitu kwa injini ni kipya.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho hakuna fundi aliniuliza. Kwa jam ya Jogoo Road sindano ya joto ilikuwa inakaa katikati, sawa kabisa. Ilikuwa inapanda tu nikiwa haiwei ama kwa mlima. Kwa jam, feni ndiyo inavuta hewa, na feni yetu ilikuwa nzima. Ukikimbia unategemea upepo wa mbele, na wetu ulikuwa unapotea.

Nikalala chini ya gari. Fremu inayoshika rejeta ilikuwa imepinda upande wa kushoto, pengo la kuingiza mkono. Plastiki za pembeni hazikuwepo. Ya chini haikuwepo. Zilivunjika siku ya ajali na zikatupwa, juu zilionekana takataka.

Nilienda Grogan, ile barabara ambayo kwa ramani ni Kirinyaga lakini hakuna mtu huiita hivyo, nikapata za pembeni za 800. Ya chini haikupatikana. Fundi mmoja mzee hapo akaniangalia akasema, "Kijana, kwani hakuna mtungi kwenu?" Akavuta fremu ikanyooka, akaziba mapengo kwa mpira wa tyubu, akakata mtungi wa mafuta ya kupikia akaufunga kwa bolti chini ya bampa. Temostati mpya nilinunua mwenyewe. Jumla, na kazi yake, 4,300.

Jumamosi tulipanda Mai Mahiu na magunia matano ya kabichi. Mathe hakuangalia barabara hata mara moja, macho yalikuwa kwa sindano mpaka tukafika juu. Kisha akaniambia niweke redio.

Ule mtungi bado uko. Ukiinama mbele ya gari unasoma nusu ya neno "lita".