Damu ikishamwagika, mkubwa anasema nini? (Somo la Zanzibar)

Haya wadau, leo sina stori za kantini. Juzi usiku hapa chumbani tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Mwenzetu mmoja alisema vurugu za uchaguzi zikitokea tusiwasumbue wanasiasa, eti watu wenyewe ndio wanaochukiana, kiongozi anafuata upepo tu. Nilibisha lakini hoja zangu zilikuwa shaghalabaghala. Sasa nimezipanga, na mfano wangu ni Zanzibar. Kwa nini Zanzibar? Kwa sababu pale watu ni walewale, vyama vilevile, na kura zilikaribiana mara kwa mara. Kilichobadilika ni walichofanya wakubwa.

Nakubali, mgawanyiko wenyewe ni wa zamani. Kwenye ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68. Halafu yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Kwa hiyo vyama vingi viliporudi mwaka 1992, CCM na CUF walirithi madeni ya mababu. Mtu wa CUF aliweza kuitwa Hizbu, jina la chama ambacho pengine hata baba yake hakukipigia kura.

Lakini deni likirithiwa, kuna anayelilipa na kuna anayeliongezea riba. Uchaguzi wa 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad akiwa na 49.8. CUF wakakataa kumtambua rais, wawakilishi wao wakasusia vikao vya Baraza. Serikali nayo ikakaza shingo. Angalieni kilichofuata huko chini, hasa Pemba: watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, mpaka mazishi! Yaani msiba wa mtu wa chama kile, wa chama hiki haendi. Wakubwa waligoma kukaa meza moja, na wadogo wakagoma kukaa jamvi moja.

Juni 1999 ukasainiwa Muafaka wa kwanza kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Utekelezaji hakuna. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ukavurugika, ukarudiwa kwenye majimbo 16 tu, CUF wakakataa. Tarehe 27 Januari 2001 wakaandamana ingawa serikali ilikuwa imepiga marufuku, na polisi wakafyatua risasi, Unguja na Pemba. Tume ya serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31, wengine wanasema ni zaidi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Hebu fikirieni, Mtanzania mkimbizi!

Hapa ndipo penye swali langu. Kauli za mwanzo za serikali zilikuwa za kuwatetea polisi na kuwalaumu walioandaa maandamano. Mfiwa akisikia hivyo anaelewa nini? Anaelewa kwamba maiti wake si wa taifa, ni wa chama. Kuanzia hapo hata kulia kunakuwa siasa.

Oktoba 2001 ukaja Muafaka wa pili, uliosainiwa na makatibu wakuu, Philip Mangula wa CCM na Maalim Seif wa CUF. Ulisaidia, maana tume ya Mbita ilitokana nao. Ila ulikuwa muafaka wa vyama zaidi kuliko wa watu, na baada ya uchaguzi wa 2005 CUF wakakataa tena kumtambua Rais Amani Karume.

Kilichogeuza mambo kilikuja tarehe 5 Novemba 2009. Karume na Seif walikutana Ikulu, wao wenyewe. Siku mbili baadaye Seif akapanda jukwaani Kibandamaiti kuwaambia watu wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume. Baadhi yao wakamzomea. Nawaombeni muishike hiyo. Kama kiongozi kazi yake ni kufuata upepo, pale angegeuza maneno. Hakugeuza. Kura ya maoni ya Julai 2010 ikapitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huohuo Ali Mohamed Shein akapata 50.1, Seif 49.1. Pointi moja tu! Kwa hesabu za 1995 ungetegemea moto. Seif akakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na visiwa vikatulia.

Mwenzangu atasema watu walikuwa wamechoka tu kuchukiana. Sawa, basi angalia 2015. Tarehe 28 Oktoba mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alifuta uchaguzi mzima. Ulirudiwa Machi 2016, CUF wakasusia, Shein akatangazwa na asilimia 91.4. Haikuchukua muda, habari za kususiana maduka Pemba zikarudi. Watu walewale waliokuwa wamechoka!

Simaanishi kwamba viongozi wanaumba chuki kutoka hewani. Kaa lipo. Lakini kuna anayelifukia na kuna anayelipulizia. Tena muda una bei yake. Rais wa Muungano mwaka 2001 alikuwa Benjamin Mkapa. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Novemba 2019 alieleza majuto yake juu ya mauaji yale. Nampa heshima yake, wengi hawasemi kabisa. Ila ilikuwa miaka 18 baadaye. Maneno yale yangesemwa wiki ileile, kuna majirani wangeshikana mikono mapema.

Nimalizie na huyu. Mwenzetu wa tatu chumbani ni mtoto wa Wete, na siku ile ya ubishi alikuwa kimya muda wote. Taa ilipozimwa ndio akasema. Kwao wanasimulia kwamba bibi yake alipofariki 1997, jirani wa mlango wa pili hakuja kuzika. Babu alipofariki 2011, jirani yuleyule alikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea. "Hakuhama chama," akasema, "hata bendera yake ilikuwa bado juu ya paa." Basi hakuna aliyebisha tena, tukalala.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje nayo, ila tusigongewe ukuta tena.