Dresa wa Kariokor: Mikono Iliyolea Hospitali za Eastlands

Anayeingia soko la Kariokor jijini Nairobi leo huwa amefuata vyondo, viatu vya ngozi au sinia la nyama choma. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo ni la kijeshi. Mahali hapo palikuwa kambi ya wapagazi wa Kikosi cha Wabebaji, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulimi wa Kiswahili uliligeuza jina hilo kuwa Kariokor, na mjini Dar es Salaam likawa Kariakoo.

Wapagazi hao waliandikishwa kwa mamia ya maelfu, wengi bila hiari, kubeba chakula na risasi kuwafuata askari waliopigana na Wajerumani kusini ya Afrika Mashariki. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo zaidi ya 40,000, na wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Madaktari walikuwa wachache mno, kwa hiyo jeshi lililazimika kuwafundisha Waafrika kuosha vidonda, kufunga bandeji, kugawa kwinini na kubeba wagonjwa kwa machela. Kwa Kiingereza watu hao waliitwa dressers. Wenyeji wakasema dresa.

Vita vilipomalizika mwaka wa 1918, ujuzi huo haukuzikwa. Idara ya Tiba ya serikali ya kikoloni ilihitaji watu waliokwisha kuzoea damu na usaha, wanaoweza kusoma kibandiko cha chupa na kuamka usiku wakiitwa. Historia ya kazi za chini katika hospitali za Nairobi, ya wasaidizi wa chumba cha upasuaji na wa dirisha la dawa, inaanza na watu kama hao.

Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Hospitali ya wenyeji ilifunguliwa mwaka wa 1901 ikiwa na vitanda 40, na Wazungu walikuwa na yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilitenga eneo la Waafrika huko Pumwani, mashariki ya mji, ng'ambo ya mto Nairobi. Wenye ploti walijijengea nyumba za udongo na fito, na hapo ndipo palipozaliwa Majengo. Kisha ukaja mtaa wa nyumba za Baraza la Mji wa Kariokor mwishoni mwa mwongo huo, na Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya waliobomolewa nyumba zao huko Pangani. Ziwani na Kaloleni zilifuata, na baadaye Bahati, Makadara, Ofafa na Jericho. Mitaa hiyo, ambayo kwa jumla huitwa Eastlands, ilijengwa ili mji upate vibarua. Afya ya vibarua hao, na zaidi ya wake zao, ilikuja baadaye.

Mwaka wa 1926 kituo cha uzazi kilifunguliwa Pumwani kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg. Mwaka wa 1944 Baraza la Mji likachukua usimamizi wake, na kituo hicho ndicho Hospitali ya Uzazi ya Pumwani tunayoijua. Hapo walifundishwa wakunga Waafrika, na mafunzo hayo yalibadilisha maisha ya wasichana wengi waliokuwa wamesoma miaka michache tu. Msichana aliingia akiwa msaidizi. Alifua shuka, akachemsha vyombo, akashika taa, akatazama. Baada ya muda alikabidhiwa mama aliyeshikwa na uchungu. Wanawake wa Majengo walikuwa na makungwi na wakunga wao tangu zamani, na hawakuiamini hospitali kwa siku moja. Waliojenga imani hiyo ni wasaidizi waliozungumza na mama kwa Kiswahili cha mtaani, wakamwita kwa jina la mwanawe na kumweleza daktari anataka kufanya nini na kwa nini.

Mwaka wa 1927 mafunzo ya tiba yakapangwa rasmi mjini Nairobi, na ndiyo chimbuko la chuo kinachojulikana leo kama KMTC, yaani Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya. Tarehe hiyo ina uzito ukiilinganisha na nyingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari mwaka wa 1967. Kabla ya hapo Mkenya Mwafrika aliyetaka udaktari alipelekwa Makerere, Uganda, au ng'ambo. Kwa maneno mengine, kwa muda wa miaka 40 Kenya ilifundisha wasaidizi wa daktari kwenye ardhi yake bila kumfundisha daktari hata mmoja. Ndiyo maana hadi leo mzee wa Shauri Moyo humwita "daktari" kila aliyevaa koti jeupe. Mzee huyo hakukosea. Katika miaka mingi ya maisha yake, msaidizi ndiye aliyekuwa daktari aliyemwona.

Kazi ya chumba cha upasuaji enzi hizo ilikuwa ya mikono kutoka alfajiri. Hakukuwa na vifaa vya kutumia mara moja na kutupa. Sindano za kioo zilichemshwa, na ncha za chuma zilinolewa kila zilipokuwa butu. Glavu za mpira zilioshwa, zikajazwa maji ili kutafuta tundu, zikazibwa, zikakaushwa na kupakwa poda, kisha zikarudi kazini. Shashi ilikuja kwa majora. Ilikatwa, ikakunjwa kwa vipimo, ikafungwa kwenye vifurushi na kuingizwa katika mtungi wa mvuke. Kifurushi kilichofunguliwa kikiwa na unyevu hakikutumika, kwa kuwa unyevu ulipitisha vijidudu.

Mafunzo mengi ya kazi hiyo hayakuandikwa popote. Mgeni alianza kwa kusugua sakafu na kubeba ndoo. Alipoaminiwa, aliruhusiwa kuosha vyombo, akajua jina la kila mkasi na kila koleo. Kisha akajifunza kupanga meza ya mpasuaji kwa utaratibu ambao mkono wa daktari ungeufuata bila macho kugeuka. Mahali pengi palipokosa mtaalamu wa nusukaputi, msaidizi ndiye aliyedondosha etha au klorofomu juu ya kitambaa usoni mwa mgonjwa, huku akihesabu pumzi na kutazama rangi ya midomo. Kosa lake lingeweza kuua. Mshahara wake ulihesabiwa pamoja na wa vibarua.

Kulikuwa na hesabu nyingine pia: vipande vya shashi vilivyoingia na vilivyotoka. Kabla mgonjwa hajashonwa, msaidizi alihesabu kwa sauti, na kama kimoja kimepungua hakuna aliyeondoka. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka wa 2008, hesabu hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosisitizwa. Wafanyakazi wa kale wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, waliijua kazi hiyo kabla ya kuiona ikichapishwa.

Upande wa dawa una kisa chake. Katika hospitali za serikali za mwanzo, uchanganyaji wa dawa ulikuwa mikononi mwa makompaunda, wengi wao Wahindi waliokuja na mfumo wa tiba wa Uhindi ya Kiingereza. Mwafrika alianza kama mwosha chupa. Mgonjwa alifika dirishani na chupa yake mwenyewe, ya soda au ya mafuta ya taa iliyosuguliwa kwa mchanga, akajaziwa dawa ya maji ya kikohozi au ya tumbo kutoka mtungi mkubwa. Ndani ya chumba kulikuwa na kwinini, chumvi ya haluli, aidini na pamanganeti. Mwishoni mwa miaka ya 1930 zikaingia dawa za salfa, na baada ya Vita vya Pili penisilini, ambayo ilibadilisha kazi yote. Dirisha la dawa halikuwa tena mahali pa kuchanganya maji na unga tu. Sasa dozi pungufu ilirudisha ugonjwa, na dozi ya kupita kiasi ilidhuru.

Sheria ilifuata. Sheria ya Famasia na Sumu, inayojulikana kama Sura ya 244, ilianza kutumika mwaka wa 1957 na kuunda Bodi ya Famasia na Sumu. Tangu hapo kuuza na kugawa dawa kukahitaji usajili. Lakini shahada ya famasia ilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1974, miaka 17 baada ya sheria. Pengo hilo lilijazwa na wale waliojifunzia kwenye benchi na wale waliotoka chuo cha tiba, ambao leo huitwa wanateknolojia wa famasia.

Uhuru uliongeza mzigo. Mwaka wa 1965 serikali ya Jomo Kenyatta iliondoa malipo kwa wagonjwa wa nje katika vituo vya serikali, na watu wakafurika. Wakati huo huo Eastlands ilikuwa ikitanuka. Buruburu na Umoja zilijengwa katika miaka ya 1970, na mwaka wa 1975 ukaanza mradi wa Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Familia zilipewa ploti zenye maji na choo zikajijengea vyumba. Kila mtaa mpya ulidai zahanati, na kila zahanati ilidai mtu wa kusafisha kidonda na mtu wa kugawa vidonge. Katika miaka hiyo kijana mwenye bidii aliweza kuingia akiwa mfagiaji na kustaafu akiwa msimamizi wa stoo ya dawa.

Mlango huo ulianza kufungwa hatua kwa hatua. Sheria ya Wauguzi ilipitishwa mwaka wa 1983. Sheria ya Maafisa wa Kliniki, warithi wa wale wasaidizi wa hospitali wa zamani, ilikuja mwaka wa 1988. Mwaka wa 1990 KMTC ikafanywa shirika la umma kwa sheria yake yenyewe, na sasa ina kampasi zaidi ya 70 nchini. Ni katika chuo hicho ambako kazi ya thieta ilipata kozi na cheti chake. Mabadiliko hayo yaliokoa maisha. Hakuna anayepaswa kutamani siku ambapo mtu aliyejifunza kwa kuchungulia alimlaza mgonjwa usingizi wa klorofomu. Mgonjwa wa Kayole anastahili mtaalamu sawa na mgonjwa wa mtaa wa matajiri wa Muthaiga.

Hata hivyo jambo moja lilipotea. Ngazi ya kupandia kutoka ndani iliondolewa na haikuwekwa nyingine. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 katika chumba cha upasuaji, anayejua vyombo vyote na anayewafundisha wanafunzi wa kila mwaka mahali pa kusimama, alibaki na jina la kibarua kwa kuwa matokeo yake ya sekondari hayakufika kiwango cha kujiunga na chuo. Wanafunzi wake walirudi wakiwa wakubwa wake.

Katika kipindi hicho hicho, Desemba 1989, malipo yalirudishwa hospitalini. Yalisimamishwa mwaka uliofuata, kisha yakarejeshwa tena mwaka wa 1992. Wakazi wa Eastlands walizidi kulitegemea duka la dawa, ambalo mtaani huitwa kemisti. Ni mlango mwembamba wenye kaunta na nyavu za chuma, unaofunguliwa hadi usiku, na anayehudumu mara nyingi ni kijana ambaye mama wa jirani anamfahamu tangu utotoni. Sheria inawatambua mfamasia na mwanateknolojia wa famasia. Kijana anayeshika kaunta kwa niaba yao hana jina katika sheria, ingawa maelfu ya wazazi hutegemea anachowaambia kuhusu homa ya mtoto. Bodi hufanya misako na kufunga maduka yasiyosajiliwa, na inafanya vyema. Lakini msako haumfundishi mtu kitu.

Mahitaji nayo hayajapungua. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyojengwa karibu na barabara ya Kangundo kwa msaada wa China, ilianza kuhudumia watu mwaka wa 2011. Juni 2013 serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na Pumwani ikaelemewa. Siku za kawaida watoto kadhaa wa kadhaa huzaliwa pale, na wengine hutolewa kwa upasuaji. Nyuma ya kila upasuaji yuko aliyechemsha vyombo, aliyesukuma kitanda, aliyehesabu shashi na aliyefungua stoo ya dawa saa nane za usiku.

Kenya sasa ina Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014, na utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini umeanza kuwekwa. Mafundi wa ujenzi na wa magari hupimwa kwa mikono yao, wakapewa cheti wakistahili. Kazi za msingi za thieta na za stoo ya dawa zinafaa kupimwa hivyo hivyo: kwa mtihani mkali, chini ya usimamizi, bila kulegeza usalama wa mgonjwa hata kidogo. Anayeshindwa afundishwe. Anayefaulu apewe njia ya kuendelea na masomo.

Liko deni jingine, ambalo halihitaji sheria. Tazama majina ya hospitali za mji huu, ya zamani na ya sasa: Lady Grigg, Mfalme George wa Sita, Kenyatta, Mama Lucy. Ni mke wa gavana, mfalme, rais na mke wa rais. Wapagazi angalau walibakiziwa Kariokor. Madresa waliowauguza hawana hata kichochoro, na ni nadra jina la mmoja wao kuonekana kwenye kitabu. Waliofanya kazi kabla ya uhuru wamekwisha kwenda karibu wote, na walioanza katika miaka ya 1960 ni wazee sana. Bado wapo wanaoishi Kaloleni, Bahati na Jericho, na katika makabati yao mna barua za kuajiriwa, beji za shaba na picha za wadi. Mwenye babu au nyanya wa aina hiyo amwendee wiki hii na daftari na kalamu, amuulize alianza kazi mwaka gani, nani alimfundisha, na alilipwa shilingi ngapi, kisha aandike majibu yake yote.