Inveta katika magari ya safari

Inveta (pia: kigeuza umeme) ni kifaa cha kielektroniki kinachobadilisha mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu unaofanana na ule wa soketi za nyumbani. Katika gari hupokea umeme wa volti 12 au 24 na kutoa volti 230 kwa hezi 50, ambacho ndicho kiwango kinachotumika Tanzania. Hutumika katika magari ya kulala safarini, malori, mashua na nyumba zenye umemejua.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua inveta ya gari na kuifunga kwa usalama, kwa mifano kutoka Mkoa wa Mtwara.

Matumizi katika eneo la Mtwara

Likombe ni kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Gari lililoegeshwa mjini laweza kuchajiwa kwa umeme wa TANESCO. Hali ni tofauti kwa anayepiga kambi ufukweni Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, au anayesubiri kivuko cha Kilambo kwenda Msumbiji. Huko gari hutegemea betri zake, paneli za jua na oltaneta ya injini.

Watumiaji wengine ni madereva wa malori wanaolala ndani ya gari wakati wa msimu wa korosho, foleni zinapokuwa ndefu kwenye maghala. Malori mengi makubwa yana mfumo wa volti 24, wakati magari madogo yana volti 12. Inveta ya volti 12 ikifungwa kwenye volti 24 huharibika mara moja. Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili za lori nako si suluhisho: betri hiyo hupungua kuliko mwenzake, na zote mbili hufa mapema.

Aina za inveta

Inveta hutofautishwa kwa umbo la wimbi la umeme zinalotoa.

* Inveta ya wimbi safi hutoa umeme unaopanda na kushuka taratibu kama ule wa gridi. Inafaa kwa vifaa vyote, hasa friji, feni, pampu, vifaa vya hospitali na chaja za kompyuta.
* Inveta ya wimbi la ngazi hutoa umeme unaoruka kwa hatua. Ni ya bei nafuu, lakini mota hupata joto zaidi na kunguruma, na baadhi ya chaja huharibika.

Kabla ya kununua inveta inafaa kuuliza kama inahitajika. Simu, taa za LED na friji za gari zinazotumia volti 12 hufanya kazi moja kwa moja na betri. Kuzipitisha kwenye inveta hupoteza nishati bila faida.

Kuchagua ukubwa

Hesabu mbili hufanywa, nazo hazipaswi kuchanganywa. Wati huonyesha inveta iwe kubwa kiasi gani. Watisaa huonyesha betri ziwe kubwa kiasi gani.

Chukua mfano wa gari lenye friji ya wati 60 inayofanya kazi nusu ya muda, feni ya wati 30 kwa saa 8, taa za wati 10 kwa saa 5 na kompyuta ya wati 60 kwa saa 3, vyote vikipitia inveta. Kwa siku moja:

* friji: watisaa 720
* feni: watisaa 240
* taa: watisaa 50
* kompyuta: watisaa 180
* jumla: watisaa 1,190

Inveta yenyewe hupoteza takriban asilimia 10 hadi 15 ya nishati kama joto, hivyo betri itatoa karibu watisaa 1,350. Tena, inveta iliyowashwa hula umeme hata kama hakuna kilichochomekwa. Ikila wati 10 mchana na usiku, huongeza watisaa 240. Mahitaji halisi ni karibu watisaa 1,600, yaani ampeasaa 133 kwenye volti 12.

Betri ya risasi na asidi hudumu zaidi isiposhushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinahitajika ampeasaa 270 hivi. Betri ya lithiamu inayoruhusu kutumia asilimia 80 ingetosha kwa ampeasaa 170. Kurudisha nishati hiyo kwa jua, siku yenye saa 5 za jua kamili, kunahitaji paneli za takriban wati 400.

Kwa upande wa wati, vifaa vyote vikiwaka pamoja hutumia wati 160 tu. Hata hivyo mota ya friji, inapoanza, yaweza kuvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa muda mfupi. Ikivuta mara saba, jumla hufika wati 520. Inveta ya wati 600 hadi 800 inatosha. Kununua ya wati 3,000 kwa mahitaji haya ni kuongeza gharama, na mara nyingi inveta kubwa hula umeme zaidi inapokaa bure.

Pasi, birika la umeme na jiko la umeme ndivyo vinavyovuruga hesabu. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 190 kutoka betri ya volti 12. Kwa kupikia, jiko la gesi linafaa zaidi.

Kebo za upande wa betri

Makosa ya hatari zaidi hufanyika kati ya betri na inveta. Watu wengi huogopa volti 230 na kudharau volti 12 kwa kuwa hazimrushi mtu. Lakini kwa wati zilezile, volti zikiwa ndogo ampea huwa nyingi, na ampea ndizo zinazochemsha waya. Mzigo wa wati 1,000 huvuta ampea 4.3 upande wa volti 230, lakini karibu ampea 93 upande wa volti 12. Kwenye volti 24 ni nusu yake.

Tuseme inveta iko mita 2 kutoka kwenye betri. Umeme huenda na kurudi, hivyo waya wote ni mita 4. Ampea 100 zikipita, matokeo ni haya:

* kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba hupoteza takriban volti 1.2, na joto la wati 117 hubaki ndani ya kebo;
* kebo ya milimita 35 za mraba hupoteza volti 0.2 tu, na joto ni wati 20.

Katika hali ya kwanza inveta hupiga kelele kwamba betri imeisha ilhali bado ina chaji, na ganda la waya huanza kuyeyuka. Ndiyo sababu inveta huwekwa karibu na betri, kwa kebo fupi na nene. Kama kifaa kiko mbali, hurefushwa waya wa volti 230, si wa betri.

Fyuzi na kukata umeme

Fyuzi hufungwa kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Ikifungwa upande wa inveta, waya ulio kati yake na betri hauna ulinzi. Ukichubuka na kugusa bodi ya gari, betri itamwaga ampea mamia na moto utaanza. Fyuzi iwe kubwa kuliko mkondo wa kawaida wa inveta, lakini isizidi uwezo wa kebo. Kwa inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12, fyuzi ya ampea 125 ni ya kawaida, mradi kebo inaimudu. Swichi na fyuzi ziwe zimetengenezwa kwa mkondo mnyoofu, kwa sababu cheche ya mkondo huo haizimiki kwa urahisi kama ya mkondo geu.

Betri ya kuwashia injini itenganishwe na ile ya inveta kwa relei inayounganisha wakati injini inaunguruma tu. Bila hivyo, msafiri anaweza kuamka akiwa na friji baridi na injini isiyowaka.

Upande wa volti 230

Umeme unaotoka kwenye inveta unaua kama wa nyumbani. Inveta nyingi ndogo hazina muungano kati ya nyutro na ethi, na katika hali hiyo kifaa cha kukata umeme unapovuja huenda kisifanye kazi. Maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe, na ganda la inveta liunganishwe na bodi ya gari.

Inveta ya kawaida haipaswi kuunganishwa na umeme wa gridi kwa wakati mmoja. Gari linalochomekwa nyumbani huwekewa swichi ya kubadili inayoruhusu chanzo kimoja tu. Katika nyumba kosa hili laweza kurudisha umeme kwenye nyaya za mtaani na kumuua fundi anayeamini laini imezimwa. Nchini Tanzania mafundi wa kufunga mifumo ya umeme hupewa leseni na EWURA.

Utunzaji katika hali ya pwani

Hewa ya chumvi hulisha kutu kwenye viungo vya shaba. Kiungo chenye kutu huongeza ukinzani na kupata joto, hata kama kebo ni nene. Viungo hukaguliwa kwa kuvigusa baada ya kuzima na kutenganisha betri: kinachochoma mkono kimelegea au kimeliwa. Kebo ya shaba iliyopakwa bati hudumu zaidi.

Inveta iwekwe mahali pakavu penye hewa, mbali na sakafu inayoweza kulowa. Isikae ndani ya sanduku moja na betri za asidi, kwani betri hizo hutoa haidrojeni zinapochajiwa na cheche ndogo yaweza kuilipua.