Kanumba, Steven Charles (1984–2012)

Mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu za Kiswahili, aliyezaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, na ambaye hadi kifo chake alikuwa sura mashuhuri kuliko zote katika Bongo Movie, yaani tasnia ya filamu za video za Tanzania.

Maigizo ya televisheni
Mapema katika miaka ya 2000 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kundi lililotokana na maigizo ya jukwaani na kupata umaarufu kwa tamthilia za televisheni, akajulikana kupitia Jahazi na Dira.

Filamu
Katika Dar 2 Lagos (2006) aliigiza na Mercy Johnson wa Nigeria, na kwa hatua hiyo ya kijasiri akafungua njia ya ushirikiano na Nollywood, ambao baadaye ulizaa Devil Kingdom, alimoigiza pamoja na Ramsey Nouah. Oprah (2008), aliyoigiza na Vincent Kigosi, ilikuwa hadithi ya mapenzi na usaliti, ilhali Uncle JJ na This Is It ziliwapa watoto nafasi kubwa. Majina ya filamu hizi yalikuwa ya Kiingereza, lakini mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Na kwa desturi ya biashara hiyo, filamu moja iligawanywa katika sehemu mbili, kila moja ikiuzwa kwa diski yake na kasha lenye picha kubwa za nyuso za waigizaji.

Usambazaji
Kwa kuwa kumbi za sinema zilikuwa chache nje ya miji mikubwa, ni diski, wala si jukwaa, iliyomfikisha mwigizaji wa Dar es Salaam kwa watazamaji wa wilaya za mbali kama Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi. Ilitazamwa nyumbani au katika banda la video, yaani chumba chenye televisheni na mabenchi ambamo mtazamaji hulipa kiingilio.

Kifo
Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, akazikwa katika makaburi ya Kinondoni baada ya maelfu ya waombolezaji kumuaga katika viwanja vya Leaders Club. Filamu zake bado hutazamwa.