Asilimia Iliyopiganiwa: Kampuni Ndogo na Fedha za Utafiti Nchini Marekani

Vijana wa kompyuta na uhandisi wanaonijia ofisini na maandiko yao ya kuomba ruzuku huwa na swali moja ambalo sipendi kulijibu kwa haraka. Wamesikia kwamba huko Marekani serikali huzipa kampuni ndogo za teknolojia fedha za utafiti, haidai hisa, haidai kurudishiwa, na uvumbuzi unaopatikana huuacha mikononi mwa kampuni yenyewe. Wanauliza ukarimu huo ulitoka wapi. Jibu langu ni kwamba haukuwa ukarimu. Ulikuwa ugomvi wa kisiasa uliochukua miaka mingi, na katika ugomvi huo sisi wa vyuo vikuu tulisimama upande ambao leo hatupendi kuutaja.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani ilijijengea mazoea ya kupeleka fedha zake za utafiti katika maabara zake yenyewe, vyuo vikuu vikubwa, na kampuni kubwa, hasa zile za ndege na silaha. Kampuni yenye watu ishirini haikukatazwa kuomba. Lakini zabuni ziliandikwa kwa namna ambayo mwenye idara nzima ya wahasibu na wanasheria ndiye aliyeweza kuzisoma hadi mwisho, na wataalamu waliopima maandiko walitoka zaidi katika taasisi zilezile zilizozoea kupewa. Hapakuhitajika mtu wa kumwambia mdogo hapana. Utaratibu ulimwambia.

Katikati ya miaka ya 1970 mkemia mmoja wa Massachusetts, Arthur Obermayer, mwenye kampuni yake ndogo ya utafiti, alilipeleka lalamiko hili kwa Seneta Edward Kennedy. Kennedy alikuwa na sauti katika kamati iliyoisimamia Taasisi ya Taifa ya Sayansi, NSF, na kupitia Bunge taasisi hiyo ikaagizwa kutenga sehemu ya fedha zake za utafiti wa matumizi kwa ajili ya kampuni ndogo. Agizo la namna hiyo hufa kirahisi. Mtumishi asiyelitaka hulitekeleza kwa shingo upande, mwisho wa mwaka huandika ripoti kwamba waombaji wenye sifa hawakupatikana, na kazi imekwisha. Safari hii lilimwangukia mtumishi aliyelitaka.

Jina lake ni Roland Tibbetts, na kwa maoni yangu anastahili nafasi kubwa katika historia ya teknolojia kuliko mabilionea wengi tunaowasoma. Mwaka 1977 alianzisha ndani ya NSF mpango wenye awamu tatu. Katika awamu ya kwanza kampuni ilipewa fedha kidogo, kwa miezi takriban sita, ionyeshe tu kwamba wazo lake linawezekana. Kwa lugha ya maofisini tungesema upembuzi yakinifu. Zilizofaulu ndizo zilizoruhusiwa kuomba awamu ya pili, yenye fedha nyingi zaidi na muda wa karibu miaka miwili, zitengeneze kitu chenyewe. Awamu ya tatu haikuwa na ruzuku. Hapo kampuni ilitakiwa ipate mteja au mwekezaji, au serikali yenyewe ije kununua ilichokigharimia.

Mpango huu ulikiri jambo ambalo watawala hawapendi kulikiri, kwamba mtoa fedha hajui nani atafaulu. Kwa hiyo hutoa kidogo kwa wengi, husubiri, kisha huongeza kwa wachache. Mkulima anayejaribu mbegu ngeni kwenye kitalu kabla ya kuipanda shamba zima angemwelewa Tibbetts bila kuelezwa mara mbili.

Januari 1980 wafanyabiashara wadogo walikutana katika mkutano ulioitishwa na Ikulu ya Marekani, na pendekezo la kuueneza mpango wa NSF katika serikali nzima likawa miongoni mwa madai yao makubwa. Desemba ya mwaka huohuo Rais Jimmy Carter alitia saini Sheria ya Bayh-Dole, iliyoziruhusu kampuni ndogo na vyuo vikuu kumiliki hataza za uvumbuzi uliogharimiwa na serikali. Kabla ya hapo hataza nyingi za aina hiyo zilikaa makabatini. Serikali ilikuwa na hataza zipatazo 28,000, na zilizopata mtu wa kuzitumia kibiashara hazikufika asilimia tano.

Ndipo ukaja muswada, ambao Seneta Warren Rudman wa New Hampshire alikuwa mtetezi wake mkuu. Muswada haukuomba fedha mpya. Ulitaka kila idara ya serikali inayotoa nje utafiti wa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka ikate asilimia fulani ya fedha hizo na kuzishindaniwa na kampuni ndogo peke yake. Katika serikali ya Ronald Reagan, iliyokuwa ikihubiri kubana matumizi, jambo lisiloongeza bajeti lilipitika. Lakini asilimia inayokwenda kwa mmoja inatoka kwa mwingine, na huyo mwingine alijitambua mara moja.

Vyuo vikuu vilipinga kwa nguvu, na taasisi za utafiti wa tiba pamoja navyo. Hoja yao ilikuwa kwamba fedha za sayansi zigawiwe kwa ubora wa kazi, wala zisitengewe mtu kwa sababu ya udogo wake. Hoja hiyo si ya kuipuuza. Nimewahi kuitumia mimi mwenyewe katika vikao vya idara. Kasoro yake ni kwamba ilidhani ugawaji uliokuwapo ulikuwa wa ubora mtupu, ilhali waliopima ubora na waliopewa fedha walikuwa jamaa wa nyumba moja. Reagan alitia saini Julai 22, 1982. Mwaka wa kwanza kiwango kilikuwa asilimia 0.2 tu, kikapanda hatua kwa hatua hadi 1.25. Sheria ya 1992 ilikipeleka hadi 2.5, na tangu mwaka wa fedha 2017 ni asilimia 3.2. Mpango huo, unaojulikana kwa herufi SBIR, umefikia takriban dola bilioni nne kwa mwaka.

Matunda yake yanajulikana. Symantec ilianza mwaka 1982 kwa msaada wa ruzuku ya NSF. Qualcomm, iliyoundwa San Diego mwaka 1985, ilipata fedha hizi ikiwa bado changa, na mwasisi wake Irwin Jacobs alikuja kulieleza Bunge jinsi zilivyomfaa. Lakini kuhukumu mpango kwa washindi wawili ni kama kusifu bahati nasibu kwa kumtazama aliyejenga ghorofa.

Watafiti walioutazama mpango mzima walikuta picha yenye madoa. Josh Lerner, mwaka 1999, alionyesha kwamba kampuni zilizopewa ruzuku zilikua haraka kuliko zilizofanana nazo, ila ukuaji huo ulikuwa katika maeneo ambako wawekezaji wa mitaji tayari walikuwapo. Na kampuni zilizopewa mara nyingi hazikuzipita zilizopewa mara chache. Mwaka uliofuata Scott Wallsten alidai kwamba ruzuku zilichukua tu nafasi ya fedha ambazo kampuni zingetumia zenyewe. Sabrina Howell, katika makala ya 2017, alichukua maombi ya Wizara ya Nishati na kuwalinganisha waliopata kwa shida na waliokosa kidogo. Awamu ya kwanza, yenye dola 150,000, ilikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kampuni kupata mwekezaji, kutoka asilimia 10 hadi 19. Awamu ya pili, yenye fedha nyingi zaidi, haikuonyesha manufaa ya kueleweka. Fedha kidogo za mwanzo ndizo zilizofungua njia, kwa kuwa zilimwezesha mvumbuzi kutengeneza kitu cha kuonyesha.

Na kuna doa kubwa kuliko yote. Kuandika maombi ni ufundi, na kila ufundi hupata mafundi wake. Zikazuka kampuni ambazo bidhaa yake halisi ni andiko lenyewe. Hushinda ruzuku moja, kisha nyingine, kisha ya hamsini, zikiishi kwa mikataba ya Wizara ya Ulinzi miaka na miaka bila kuuza chochote kwa mtu mwingine. Wamarekani wenyewe huziita vinu, kwa kuwa husaga maandiko kama unga. Zina watu wasiozidi 500, hivyo kisheria ni ndogo. Zinajua lugha ya zabuni kama kasisi ajuavyo misa. Kijana aliyeandika ombi lake la kwanza usiku, baada ya kazi, anashindana nazo.

Howell na wenzake waliliona hili katika Jeshi la Anga. Pale maofisa walipoandika mahitaji yao kwa undani, kama zabuni ya zamani, washindi wengi walikuwa wazoefu, na ushindi uliwaletea hasa ushindi mwingine wa aina hiyo. Kuanzia 2018 jeshi hilo lilifungua pia mlango wa pili, kampuni ikaulizwa tu ina nini kinachoweza kulifaa jeshi. Wakaingia wapya, na ruzuku ikarudi kufanya kazi aliyoikusudia Tibbetts.

Ugomvi wa 1982 haujaisha, umebadilisha washiriki tu. Sheria iliyouongezea mpango muda mwaka 2022 iliweka kikomo Septemba 30, 2025. Kikomo kilipokaribia, Seneta Joni Ernst alitaka iwekwe dari ya fedha ambazo kampuni moja inaweza kupokea maishani mwake. Seneta Edward Markey, wa Massachusetts ileile ya Obermayer na Kennedy, alipinga. Kila upande ulisema unamtetea mdogo. Tarehe ikafika bila maafikiano, idara zikasimamisha ruzuku mpya, na wenye maandiko yaliyokamilika wakabaki nayo mezani.