Kapo isiyosimama: namna mashofere na mafundi wanavyoiinua, na mahali hatari inapotokea

Kwenye parking ya magari, iwe Uvira ao Beni, haikosi gari moja iliyofunguliwa kapo na kusimamishiwa mti wa ufagio chini yake. Pengine si mti, ni kipande cha ferabeto, ao kile chuma cha kuzungushia krike. Pengine ni mkono wa konvoyeri aliyeambiwa tu: "Shika hapa." Sababu inajulikana. Gari ni ya zamani, kilichotoka nayo kiwandani kwa kushikilia kapo kilikwisha kuvunjika ao kupotea, na motere inataka maji sasa hivi, si kesho.

Jambo hili limezoewa sana mpaka watu hawalioni tena. Lakini kapo ya chuma, hata ya gari ndogo, inaweza kufika kilo 15 ao zaidi, na ya jipu kubwa inapita hapo. Mwenye kuinama chini yake anaweka kichwa, shingo na vidole mahali palepale itakapotua ikianguka. Mara mingi ni kijana anayejifunza kazi ya garaji, juu ndiye anatumwa kuangalia mafuta na maji. Wengi wanachagua vizuri kitu cha kusimamisha. Kinachosahauliwa ni ncha zake mbili: ile ya juu inashika wapi, na ile ya chini imekanyaga nini.

Kile kilichotoka kiwandani

Magari mengi yanayotembea mashariki ni Toyota zilizotumika kwanza Japani, kisha zikaingia kupitia bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa. Zile ndogo, kama Corolla, Carina na Starlet, ziko na chuma kimoja chembamba kinacholala mbele ao pembeni ya motere. Mguu wake umeingia katika kipande cha plastiki, na ncha ya juu iliyopindwa inaingia ndani ya tundu la kapo. Ni kitu rahisi na kizuri. Kinachoharibika kwanza si chuma bali ile plastiki ya mguuni: joto la motere linaikausha, inapasuka, na siku moja chuma kinachomoka chote mkononi. Tundu la kapo nalo linaliwa na kutu mpaka linapanuka, na hapo chuma kinacheza ndani yake kila gari ikiguswa.

Magari mazito zaidi, kama Land Cruiser ya aina ya 100 ao Prado ya aina ya 120, yanashikiliwa na verini. Ni vile vibomba viwili vyembamba vinavyosukuma kapo juu vyenyewe. Mercedes W123 za miaka ya 1970 na 1980 ziko na springi kali kwenye bawaba, na kapo yake inaweza kusimama wima kabisa. Wenye Hiace wanaweza kucheka tu, kwa kuwa motere yao iko chini ya viti vya mbele.

Verini inafanya kazi kwa gazi ya nitrojeni iliyobanwa kwa nguvu sana ndani ya silinda, pamoja na mafuta kidogo. Mpira mdogo unazuia gazi isitoke pale fimbo inapoingia. Vumbi na matope ya barabara zetu vinakwaruza fimbo, fimbo inakula mpira, na gazi inatoka polepole. Mwenye gari anaweza kuliona hilo mapema: fimbo inalowa mafuta, kapo inapanda kivivu, kisha siku moja inashuka yenyewe. Baridi inazidisha shida, kwa kuwa gazi ikipoa nguvu yake inapungua. Ndiyo maana gari iliyoshusha mizigo Uvira saa sita za mchana kapo ikisimama sawa, inaweza kufika Lubero ama Butembo alfajiri na kapo hiyohiyo ikamshukia shofere mgongoni.

Mti uwekwe wapi

Kapo inafunguka kama mlango uliolala: bawaba ziko nyuma, karibu na kioo cha mbele. Uzito wake uko karibu katikati. Mti ukisimamishwa kwenye ukingo wa mbele, unabeba karibu nusu tu ya uzito wote. Ukisimamishwa katikati, unabeba uzito wote. Ukisogezwa nyuma zaidi, robo ya urefu kutoka bawaba, unabeba mara mbili ya uzito. Fimbo fupi iliyosukumwa nyuma karibu na kioo, kwa sababu tu ni fupi, inapata kazi kubwa kuliko zote, na kapo ikiteleza hapo haitoi nafasi ya kukimbia. Mti mrefu mbele ni afadhali. Na kadiri kapo inavyokaribia kusimama wima, ndivyo uzito unavyohamia kwenye bawaba na mti unapumzika.

Sasa namna zenyewe. Kwa gari yenye verini zilizokufa, njia nzuri kuliko zote ni ile inayoacha verini mahali pake. Kapo inainuliwa mpaka mwisho, fimbo inaonekana yote, kisha kipande cha bomba la plastiki ngumu la maji, kilichokatwa kwa urefu wa fimbo ile na kupasuliwa ubavuni, kinavikwa juu yake. Silinda ikitaka kushuka inakutana na bomba. Ncha zote mbili bado zimefungwa na bulo za kiwanda, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuteleza. Kinachobaki ni kulifunga bomba kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi lisiruke. Bomba laini la bustani halifai, linajikunja. Mafundi wengine wanabana fimbo kwa pensi ile inayouma na kubaki imeuma. Nayo inashika, ila meno yake yanakwaruza fimbo, kwa hiyo ni ya verini iliyokwisha kufa, si ile inayochoka tu.

Kwa gari iliyopoteza chuma chake, ferabeto ya milimita 8 ao 10 inatosha. Ile ya 6 inapindika. Fundi anapima kwanza kwa kijiti urefu unaotakiwa, kisha anakata na kupinda ncha zote mbili. Ya chini inaingia katika tundu la zamani la mguu, ya juu katika tundu la kapo. Tundu likiwa limepanuka, ncha inazungushiwa mpira wa tairi mpaka ijae. Kazi hii ni ya nusu saa kwa mtu mwenye tindo na nyundo, na kwa kweli haiko tena ya kubahatisha: ni sawa na kile cha kiwandani, ila haikupakwa rangi.

Mti wa kawaida, tuseme wa mikaratusi, unaweza kufanya kazi kama umekauka na ncha yake ya juu imechongwa kama herufi V. Ile V ndiyo inauma ubavu wa chuma ulio ndani ya kapo. Mti wenye ncha bapa hauumi kitu, unaegemea tu, na unaanguka mtu akiligusa gari kwa goti. Chini, mti usikanyage batri, wala kizibo cha radiatere, wala chupa ya plastiki ya maji. Ukanyage chuma cha bodi, mahali penye kona ya kuuzuia, na matope yapanguswe kwanza.

Gari zenye chuma cha mizigo juu ya paa ziko na njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kamba. Inafungwa pale kapo inapojifungia, inavutwa nyuma mpaka kwenye chuma cha paa. Hakuna kitu kinachosimama ndani ya motere, mikono inafanya kazi kwa uhuru. Shida ni kwamba kamba inazuia kapo kushuka lakini haiizuii kwenda nyuma. Upepo ukiingia, kapo inaweza kupiga kioo. Nguo iliyokunjwa ao tairi kuukuu kati ya kapo na kioo inapunguza hasara.

Namna mbaya kuliko zote ndiyo inayotumiwa zaidi: mtu kushika. Kwenye mpando wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, ao ule wa Kabasha karibu na Kanyabayonga, magari ya zamani yanachemka. Maji yaliyofungwa ndani ya radiatere kwa presha yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka, na kizibo kikifunguliwa yanaruka yote mara moja. Konvoyeri aliyeshika kapo anaona mvuke, anaruka nyuma kama mtu yeyote mwenye akili, na kapo inamwangukia aliyeinama kwenye maji yale ya moto. Hapo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyekataa kutafuta mti. Na radiatere ya moto ingojewe ipoe hata kama abiria wananung'unika.

Chuma, umeme na upepo

Ferabeto na mabomba ya chuma yana hatari ambayo mti hauna. Kapo na bodi yote vimeunganishwa na upande wa kutoa wa batri. Chuma kinachoteleza na kugusa kichwa cha kujumlisha huku kinagusa kapo kinafunga njia ya umeme: cheche, chuma kuwa chekundu, na batri yenyewe inaweza kupasuka, juu inapochajiwa inatoa gazi inayoshika moto. Kipande cha mpira juu ya kichwa kile cha batri kinamaliza shida hiyo.

Vantilatere ya umeme, kwenye gari fulani, inaweza kuanza kuzunguka hata motere ikiwa imezimwa. Mti mrefu uliosimamishwa karibu nayo unaweza kupigwa na kutupwa. Motere inapokuwa inawaka, mkanda nao unavuta chochote kinacholegea: kamba, ukanda wa mpira, mikono ya shati.

Upepo wa ziwa, na ule unaotupwa na kamyo ikipita kando ya barabara, unaingia chini ya kapo ya gari iliyoelekea upande unakotoka. Kapo inainuka sentimita chache, mti unaanguka, kapo inarudi. Ni heri gari igeuzwe ili upepo uipige kapo kutoka nyuma, uibane juu ya mti.

Kuhusu verini kuna jambo moja la kukataliwa kabisa. Wengine wanajaribu kuitoboa, kuipasha moto ao kuisude ili ipate nguvu tena. Gazi iliyomo inaweza kurusha fimbo kama risasi, hata katika verini inayoonekana imekufa, kwa kuwa verini dhaifu bado iko na gazi. Ikishindwa, inafungwa bomba la plastiki ao inatolewa.

Kushusha ndiko mara mingi kunaumiza vidole. Mkono mmoja unabeba kapo kwanza, uzito unasikika mkononi, ndipo mwingine unatoa mti, na mti hauachwi juu ya motere. Kapo inashushwa mpaka karibu ifunge, inaachiliwa kutoka kimo cha shibiri moja hivi, kisha inavutwa juu kwa mkono ili kuona kama kroshe zote mbili zimeshika, ile ya kwanza na ile ya usalama. Kama ya usalama imekwisha kuliwa na kutu, waya ao mpira wa tairi unafungwa pale mbele kabla gari haijaondoka.