Kukatika kwa Pumzi Usingizini kwa Wenye Akromegali

Akromegali hutokana, mara nyingi, na uvimbe usio saratani katika tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ambayo hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Kwa mtu mzima mabadiliko huja polepole: pete ya ndoa hubana, viatu havitoshi, taya hutokeza. Ulimi na nyama za koo nazo hunenepa, na mgonjwa alalapo huziba njia ya hewa. Hukoroma, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha hushtuka akihema. Hali hii huchangia shinikizo la juu la damu na kuudhuru moyo.

Sisi wa Ufipa tusidhani kwamba kukoroma huko ni usingizi mzito, wala tusikuite kurogwa. Anayesikia kwanza ni mwenzi wa ndoa. Naye aeleze alichokisikia kwa daktari, Sumbawanga, ili mgonjwa apewe rufaa ya vipimo. Tiba ni upasuaji wa uvimbe kupitia puani, dawa, na kifaa cha kusukuma hewa usiku. Hata homoni ikitulia, pumzi huweza kuendelea kukatika. Hivyo apimwe tena. Nasi katika Jumuiya Ndogo Ndogo tumsindikize.